Dosie ya nyumba isifungwe mu ordinatere ya mutu mumoja

Mu nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi, kule Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, leo kuko ordinatere mbili: ya baba, na ya mutoto anayesoma ku université. Zote mbili zinashika Wi-Fi moja. Lakini mutoto akitaka karatasi iliyo mu ordinatere ya baba, baba anaituma kwa WhatsApp. Karatasi inatoka mu salon, inazunguka mbali inje ya nchi, kiisha inarudi mu chumba cha pili. Mega zinakatwa mara mbili: kwa kutuma na kwa kupokea. Hiyo ni feza ya bure. Na bado feza siyo jambo kubwa.

Jambo kubwa ni kwamba baba peke yake ndiye anajua neno la siri la ile ordinatere. Baba yuko ku kampi siku nyingi, ao yuko chini mu shimo ambako telefone haishike. Akipata ajali, ao akifariki, mama ataombwa karatasi: sheti ya ndoa, sheti za kuzaliwa za batoto, namba ya CNSS, uhakikisho wa miaka ya kazi. Atazitosha wapi?

Wazee wetu wa Gécamines wanajua bei ya karatasi. Wakati watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi mu « départ volontaire » iliyoanza mwaka 2003, wengi walichunga dosie yao mu valizi chini ya kitanda, na mama alijua valizi iko wapi. Leo valizi imekuwa ordinatere, na mama hana funguo.

Tunasema basi: nyumba iwe na dosie moja ambayo ordinatere zote mbili zinaiona. Haiombi mega hata moja, kwa sababu kazi inapita ndani ya Wi-Fi ya nyumba tu. Intaneti ikikatika, dosie inaendelea kufunguka.

Mu Windows, kwanza hakikisha réseau ya nyumba imeandikwa « privé », siyo « public ». Washa « découverte de réseau » na « partage de fichiers ». Kiisha, ku dosie yenyewe, ingia mu « Propriétés », halafu « Partage », na uchague nani anaingia. Ku ordinatere ya pili, fungua « Explorateur », uandike fasi ya adresse alama \\ na jina la ordinatere ya kwanza, bila kuacha nafasi kati. Dosie itaonekana.

Kuko vijana mafundi ambao, juu ya kumaliza mbio, wanatosha neno la siri na kuandika « Tout le monde ». Sisi tunakataa. Mu parsele nyingi Wi-Fi moja inatumiwa na wapangaji na majirani. « Tout le monde » inamaanisha hata wao. Mama apewe compte yake na neno lake la siri. Batoto wapewe ruhusa ya kusoma tu, bila kufuta. Na fundi akitaka kurudisha SMB 1, njia ya zamani ya kupitisha dosie, mukataze. Ni mu mulango huo WannaCry ilipita mwezi wa 5 mwaka 2017, ikafunga ordinatere mu nchi zaidi ya 150 na kuomba feza ya kuzifungua.

Baba mumoja ao mwingine atasema: « Bibi akiona fishi ya mushahara, vita itaanza. » Haya, fishi iweke mu dosie yako mwenyewe, hayo muyazungumuze siku ingine. Lakini namba ya CNSS, sheti ya ndoa na karatasi za parsele haziko siri ya mutu mumoja. Ni mali ya wale utawaacha.

Tusidanganyane pia. Ordinatere inayobeba dosie ikizimika, dosie haionekane. Na umeme wetu munaujua. Kitu kikifutwa huku, kimefutwa na kule. Kwa hiyo mufanye kopi ku klé USB, muiweke kwa ndugu munayemuamini. Na picha ya karatasi haishike nafasi ya karatasi yenyewe: ile ya kweli ibakie mu valizi. Lakini mwenye picha anajua namba, anajua tarehe, anajua ofisi ya kwenda kuuliza. Asiye na kitu anarudishwa ku mulango.

Baba, siku za conger zikifika, mbele ya kwenda kwa marafiki, keti kwanza na mama mbele ya ordinatere zote mbili. Afungue dosie yeye mwenyewe, kwa mukono wake. Usirudi ku kampi kama hajaweza.