Kisiwa cha Anasa Kimo Ziwani Mwetu

Imeenea katika ukanda wetu huu wa dhahabu, tangu Kahama na Msalala hata Nyarugusu, Geita na Chato, itikadi moja ambayo watu huipokea kama sheria isiyohitaji ushahidi: ya kwamba mtu aliyejaaliwa mali, siku atakapotaka kujistarehesha kisiwani yeye na ahali zake, hana budi kuielekea bahari, ya kwamba kisiwa kisichozungukwa na maji ya chumvi na mchanga mweupe si kisiwa cha anasa, na ya kwamba hiari iliyobaki ni ya mfuko tu, mwenye kiasi akaenda Unguja, mwenye zaidi akafika Shelisheli au Morisi, na mwenye fedha za kufuru akaishia Maldivi. Nimeisikia itikadi hiyo katika vikao vya arusi, nimeisikia madukani kwa wanunuzi wa dhahabu, na nimeisikia kwa vijana ambao juzi tu walikuwa wakizungusha winchi juu ya duara, yaani shimo la mgodi. Naikataa. Naiona kuwa ni kosa la fikira kabla ya kuwa kosa la matumizi, na makala haya nayaandika kwa kusudi la kuipinga.

Yafaa kwanza kuuliza ni nani aliyezipanga sifa za kisiwa cha anasa, maana sifa hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipangwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya haja zao wenyewe. Mtu wa Hamburg au Stockholm, ambaye katika miezi ya kipupwe huamka gizani, akaenda kazini gizani, akarejea nyumbani gizani, anayo haki kamili ya kulitamani jua na kulilipia. Na wenye hoteli walipoitambua haja hiyo waliihudumia kwa ustadi mkubwa. Maldivi ilifungua hoteli yake ya kwanza ya watalii, iitwayo Kurumba, mwaka 1972, na tangu hapo ikashika desturi ya kutenga kisiwa kimoja kwa hoteli moja, ili mgeni aliyetoka katika theluji aote jua mchana kutwa pasipo kubughudhiwa. Ni biashara halali, wala sina ugomvi nayo. Lakini mtu wa Geita, aliyezaliwa chini ya digrii tatu kusini ya Ikweta, ambaye jua limemwakia utosini tangu alipokuwa akichunga ndama, anapotoa mamilioni ya shilingi ili akalazwe juu ya kitanda cha ufukweni na kuuziwa jua, ananunua dawa ya maradhi asiyokuwa nayo.

Maradhi yetu sisi ni mengine, na kila akaaye hapa anayajua. Pita karibu na makarasha wakati wowote, usiku au mchana, usikie vyuma vikiponda mawe bila kupumzika. Tazama vumbi jeupe lililotua juu ya majani ya mihogo ya jirani na juu ya nyusi za vijana wanaojaza mifuko. Nusa hewa mahali ambapo zebaki inachomwa ili dhahabu ibaki. Ongeza juu ya hayo malori ya kifusi, jenereta, na vipaza sauti vya baa ambavyo katika miji yetu ya migodi havijui saa ya kulala. Mtu aliyeishi miaka kumi katika hali hiyo, hata akiwa tajiri, na pengine hasa akiwa tajiri, hana upungufu wa joto wala wa mwanga. Alichopungukiwa ni kivuli, ni ukimya, na ni hewa iliyopita katika majani kabla ya kufika puani mwake.

Kwa upande wa Shinyanga jambo hili lina historia nzito zaidi. Tangu miaka ya 1920, chini ya serikali ya Waingereza, misitu mikubwa ya Usukuma ilifyekwa kwa nia ya kumfukuza mbung'o. Kisha ikaja pamba, ikaongezeka mifugo, kuni zikakatwa, hata katikati ya miaka ya 1980, Rais Nyerere alipouzuru mkoa, nchi ilikuwa imekaribia kuwa jangwa. Ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kuirejea desturi ya Wasukuma wenyewe ya ngitili, ile ya kuyafunga malisho ili majani na miti ipate kurudi. Mamia ya maelfu ya hekta yalihuishwa, na mwaka 2002 mradi huo ukatunukiwa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu walioikosa miti kiasi hicho, wakaipigania kwa mikono yao hata ikarudi, wanawezaje kukubali kuambiwa kwamba kilele cha raha ya binadamu ni mchanga mtupu na mwavuli wa turubai?

Kisiwa ninachokidai kipo, tena kimo katika Mkoa wa Geita wenyewe, nacho ni Rubondo. Ukifika Kasenda, karibu na Muganza, unakitazama kwa macho yako ng'ambo ya maji, kijani tangu vilele vyake hata ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na wavuvi waliokuwa wakikaa huko wakahamishwa, jambo ambalo halikuwa dogo kwao na ambalo halistahili kusahauliwa na yeyote anayekwenda kustarehe mahali palipokuwa makazi yao. Mwaka 1977 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 457, ambazo kiasi cha nusu yake ni nchi kavu, na sehemu kubwa ya nchi kavu hiyo ni msitu mzito ambao shoka halijaugusa kwa muda wa nusu karne na zaidi.

Baina ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule aliyejulikana duniani kwa kuitetea Serengeti, alileta Rubondo sokwe 17 ambao walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Viumbe waliozoea kupewa chakula kwa ratiba, ambao wengine wao huenda hawakukumbuka tena namna ya kujichumia tunda. Waliachiwa, wakaingia msituni bila ya mwalimu. Wakaishi, wakazaa, na wajukuu wao leo hujenga viota vyao juu ya miti kila magharibi pasipo kuwa na habari yoyote ya kizimba. Tembo waliletwa pia, na twiga, na mbega. Vifaru nao waliletwa lakini majangili wakawamaliza. Mwaka 2000 wakaongezwa kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wafanya magendo. Kwa hiyo kisiwa hiki, juu ya kuwa na wanyama wake wa asili, kimekuwa kimbilio la waliodhulumiwa, na sijui kisiwa kingine cha anasa, katika bahari yoyote, chenye sifa ya namna hiyo.

Simba hayupo Rubondo, wala chui, na kwa sababu hiyo mgeni hutembea kwa miguu yake akiongozwa na askari wa hifadhi, jambo lisilowezekana katika mbuga nyingi za nchi hii. Mtu aingiapo msituni asubuhi na mapema huiona njia imefunikwa majani makavu yaliyolowa umande, na juu yake matawi yamefumana hata jua hufika chini kwa vipande vipande. Huwatafuta sokwe kwa saa nyingi, akapanda na kushuka vilima, na yumkini asiwaone siku hiyo. Atasikia tu kelele zao zikitoka bondeni, kisha kimya. Akishuka kwenye mafunjo ya ufukweni atamwona nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, akitembea juu ya tope laini ambamo mnyama mwingine angezama. Jioni furukombe hulia juu ya mti uliokauka, na upepo utokao ziwani, ambalo limo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, huwa na ubaridi wa kumfanya mtu atafute shuka. Tofauti kubwa na usiku wa Februari huko pwani, ambako mtu wa bara hujigeuzageuza kitandani akitokwa jasho.

Basi tukipime kisiwa hiki hata kwa vipimo vya hao waliozipanga sifa za anasa. Wao husema anasa ni faragha. Visiwa vingi vya hoteli huko Maldivi ni vidogo hata mtu huweza kukizunguka kimoja kwa miguu kabla chai haijapoa, na humo wamo wageni pamoja na wahudumu wao. Zanzibar, kwa upande wake, ilipokea watalii zaidi ya laki sita katika mwaka 2023 peke yake, na fukwe za Nungwi na Kendwa katika msimu hujaa watu kama gulio. Rubondo mahali pa kulala ni pachache mno, na nchi kavu yake ni ya kilomita za mraba zaidi ya mia mbili. Kama faragha ndiyo anasa, hukumu imekwisha kutoka.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni hofu ya ziwa, na hofu hiyo siidharau, kwa kuwa hakuna nyumba katika Kanda ya Ziwa isiyolijua jina la MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na la MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaangamiza watu zaidi ya mia mbili. Lakini kosa lililoviangamiza vyombo hivyo lilikuwa la wanadamu, waliovipakia kuliko kiasi chake, na kosa hilo halikuchagua maji matamu. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mwaka 2012 MV Skagit ikazama katika safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja. Mtu anayeliogopa ziwa kwa sababu ya msiba, kisha akapanda meli ya kwenda Unguja kwa moyo mkunjufu, hakuipima hofu yake. Na mtu wa Shinyanga au Geita hufika kwa nchi kavu hata Nkome au Kasenda, akabakiwa na safari ya boti tu. Naye atokaye Mwanza, tangu Juni 2025, huvuka Kigongo na Busisi juu ya daraja badala ya kungoja kivuko.

La pili ni kuoga. Nakiri waziwazi kwamba Rubondo hapaogwi: mamba wapo, viboko wapo, na kichocho ni maradhi yanayojulikana katika ziwa hili. Anayetaka kuogelea na aende baharini, lakini aende akijua kwamba pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, maji yakitoka hukimbia mbali kabisa, na mahali alipotarajia kuogelea atawaona wanawake wameinama juu ya mashamba yao ya mwani. Tena nawauliza wenzangu kwa haki: wangapi katika sisi, tufikapo pwani, tunapita magoti? Wengi hukaa kivulini, wakala, wakazungumza. Kivuli na mazungumzo havihitaji chumvi.

La tatu, ambalo watu hawalisemi kwa ulimi ila ndilo kubwa, ni hadhi. Kijana wa Kahama anaogopa kwamba akiwaambia wenzake amempeleka mkewe Rubondo, watadhani ameishiwa. Hofu hii ndiyo inayonihuzunisha kuliko zote, kwa sababu inatufanya tuone haya kwa kilicho chetu. Dhahabu yetu imekwisha kuzoea kuondoka. Almasi za Mwadui ziliondoka tangu miaka ya 1940, na ile ya rangi ya waridi iliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 kwa ajili ya arusi yake ilitoka katika udongo wa Shinyanga. Sasa na kile kidogo kinachobaki mikononi mwetu, faida ya jasho letu, tunakipeleka ng'ambo kwa hiari yetu wenyewe, wakati waendesha boti wa Kasenda, wapishi wa Muganza na vijana wasomi wa Chato ambao wangekuwa waongozaji wamekaa wakiwasubiri wageni wa Ulaya.

Sisemi kwamba Unguja isizuriwe. Wahenga wetu, Wanyamwezi na Wasukuma, walibeba pembe za ndovu kwa mabega miezi kadhaa hata Bagamoyo, na utajiri uliojenga majumba ya Mji Mkongwe ulipita juu ya mabega hayo. Basi mtu wa huku anayo sababu njema ya kwenda kuyatazama majumba hayo pamoja na watoto wake, awaeleze. Hiyo ni ziara ya adabu na elimu, nayo haifanani na kwenda kulala ufukweni kwa kuwa jirani naye alilala.

Wenye mamlaka na wenye hoteli nao wana taksiri yao. Raia hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni, lakini ni nani mjini Geita au Kahama aliyewahi kuliona tangazo la jambo hilo? Bei za vyumba vya fahari zinapotajwa kwa dola, mwenye duka wa Katoro huziona kuwa hazimhusu hata akiwa na uwezo wa kuzilipa mara mbili. Na zitajwe kwa shilingi, zibandikwe stendi za mabasi na masoko ya dhahabu, na ratiba ya boti ijulikane.

Msimu mwema wa kutembea Rubondo ni Juni hata Agosti, njia zikiwa kavu. Na wapendao ndege na vipepeo waende baina ya Novemba na Machi. Kwenu nyinyi wenye kamati za arusi mnaokusanya michango Kahama, Geita na Shinyanga mwaka huu, nawaomba kwa dhati kwamba kabla ya kukata tiketi za maharusi kwenda ng'ambo, muwapeleke Kasenda, wavuke, walale siku mbili au tatu, kisha wenyewe waseme ni kisiwa kipi wangependa kukirudia.