Kuku Mgonjwa na Kisu cha Haraka

Ni ada iliyoenea katika mitaa na mashamba yetu kwamba kuku akionekana amejikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamemsimama, undu umegeuka rangi ya zambarau na ute unamtoka puani, basi mwenye mali, kwa kuchelea asije akafa kibudu, huwahi kisu. Na jioni ile ile aila nzima hula mchuzi, wote wakiafikiana kwamba kilikuwa kideri tu, na kideri si maradhi ya kumtisha mwanadamu.

Simlaumu sana afanyaye hivyo, maana kuku kwa maskini ndiyo akiba, ndiyo karo ya mtoto, ndicho kitoweo cha mgeni. Namwomba tu azingatie kwamba mafua ya ndege huingia bandani kwa alama zile zile za kideri, hata daktari hodari wa mifugo hawezi kuyapambanua kwa macho mpaka sampuli ipimwe maabara. Na kwamba hatari yenyewe haimo sana chunguni, ambamo moto huua virusi nyama ikiiva barabara, bali imo katika kuchinja, kunyonyoa na kutumbua, damu na kinyesi vinapomrukia mtu usoni, ilhali watoto wanachezea manyoya uani.

Wala asidhani mtu kuwa mafua haya ni ya mbali. Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliugua na 6 wakafariki, kuku zaidi ya milioni moja wakauawa kwa siku chache. Februari 2006 maradhi yakabisha hodi Nijeria. Na Januari 2017 yakadhihirika Uganda, ndege wa porini walipokutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kuku na bata wa kufugwa nao wakaonekana wameambukizwa. Ndege wahamao hawaulizwi pasi mpakani, na tenga la kuku juu ya basi, ambalo aghalabu tunalisahau, nalo halikaguliwi sana.

Kwa hiyo, kuku wachanjwe kideri, tone moja la jichoni kila miezi mitatu. Chanjo hiyo haizuii mafua ya ndege, lakini waliochanjwa wakifa kwa mkupuo, mfugaji atatambua kwamba pana jambo jingine. Hapo asichinje, asiuze, asitupe mizoga mtoni. Awafungie waliosalia, awaondoe watoto, anawe kwa sabuni, na amwite afisa mifugo.

Lakini anayejua kwamba kutoa habari ni kufilisika atanyamaza, na kumhubiria uzalendo hakutamfungua kinywa. Basi enyi mliopewa dhima ya mifugo, tangazeni, kabla maradhi hayajafika, fidia ya kila kuku atakayeuawa kwa amri yenu, na nambari ya simu ya afisa mifugo ibandikwe leo katika kila soko la kuku.