Jiwe letu lilifika Ulaya bila barua ya mwaliko

Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao, kusini mwa Sericho na magharibi mwa Habaswein, walikuta mawe mazito kupita kiasi mahali ambapo kwa kawaida hakuna mawe. Wachungaji wa eneo hilo walikuwa wakiyajua kwa miongo kadhaa, na kuna wazee waliocheza juu yake utotoni. Mwaka 2017 yakaingizwa kwenye orodha rasmi ya vimondo kwa jina la Sericho: chuma na nikeli iliyoshikilia fuwele za olivini, uzito wa jumla kama kilo 2,800. Leo ukitafuta jina la kwetu kwenye intaneti utakutana na vipande vya jiwe hilo vikiuzwa Ulaya na Marekani, vimekatwa vyembamba na kung'arishwa hadi mwanga unapenya.

Jiwe limefika. Mimi, mzaliwa wa palepale, mwandishi wa programu mwenye digrii na kompyuta mgongoni, ilinibidi niombe mara mbili ndipo niende kutembea Ulaya siku nne. Wasomaji wangu, leo nina malalamiko, na nitayapanga vizuri ili asitokee mtu wa kusema nina wivu.

Kwanza niseme wazi kwamba safari fupi ya peke yako kwenye mji wa Ulaya ni kitu kizuri sana, na wale wanaoandika makala za kuisifu hawadanganyi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukiondoka Alhamisi ukarudi Jumatatu, umetumia tatu. Zilizobaki unakwenda nyumbani kwa mama, na hakuna anayenuna. Gari huhitaji, maana katikati ya miji mingi ya kule palijengwa kabla gari halijabuniwa, na unapazunguka kwa miguu na tramu.

Mimi nilikwenda Vienna, kwa sababu ya mawe. Jumba la makumbusho ya historia ya asili, lililofunguliwa mwaka 1889, lina ukumbi wenye vimondo zaidi ya 1,000 vilivyowekwa wazi kwa watazamaji, maonyesho makubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani. Nilikaa humo saa tatu na nusu. Ningekuwa na wenzangu wangenipa dakika ishirini, kisha waanze kuuliza chakula kiko wapi. Faida ya kwenda peke yako ni hiyo: unatazama unachotaka mpaka uridhike, na huna wa kumwomba radhi.

Mambo mengine mawili yalinikaa kichwani. Treni ya chini ya ardhi haina geti. Unanunua tiketi, unaigonga muhuri, unapanda. Wakaguzi hutokea mara mojamoja, na ukikutwa huna tiketi unalipa faini. Yaani mji mzima unamwamini abiria kwanza, kisha unakagua wachache. La pili ni maji. Vienna inakunywa maji ya chemchemi za milimani yanayoletwa na mifereji miwili, mmoja wa mwaka 1873 na mwingine wa 1910, na barabarani kuna bomba za kunywa bure. Mimi nimekulia mahali ambapo mto Ewaso Nyiro huenda kuishia kwenye kinamasi cha Lorian, na miaka mingine maji hukauka njiani. Nilijaza chupa nikakaa hapo nikipiga hesabu: mfereji umefanya kazi zaidi ya miaka 150. Somo kama hilo hulipati kwenye video, na lilinigharimu siku nne tu.

Sasa tuje kwenye kero. Makala zile husema: Ijumaa jioni funga mkoba, panda ndege, Jumatatu uko kazini. Zinasema "mtu yeyote anaweza". Hapo ndipo napinga.

Viza ya Schengen, inayofungua nchi 29, inagharimu euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, yaani zaidi ya shilingi 13,000. Ongeza bima isiyopungua euro 30,000. Ongeza miadi ya kutoa alama za vidole, na vidole havitumwi kwa barua pepe: lazima ufike Nairobi mwenyewe. Kutoka mjini Isiolo ni kama kilomita 280, na Isiolo mjini si Sericho. Ukikataliwa, ada hairudi. Kwa mfugaji hiyo ni sawa na kuuza mbuzi sokoni kisha pesa ukazitupa mtoni. Mzungu anayekuja kuwaona ndovu wa Samburu, kwa upande wake, tangu Januari 2024 anajaza fomu ya kibali cha Kenya kwenye tovuti akiwa kitandani. Bei ilianza kwa dola 30.

Lakini pesa si tatizo kubwa. Tatizo ni fomu, na fomu ni kazi yangu, kwa hiyo niruhusuni niikague kama ninavyokagua kazi ya mwenzangu ofisini. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, inaorodhesha vitu vya kuonyesha kwamba utarudi kwenu: tiketi ya kurudi, taarifa za benki, uthibitisho wa kazi, na uthibitisho wa mali isiyohamishika. Soma tena hayo maneno mawili ya mwisho. Mali ya Sericho inahama! Inahama kila msimu, ikifuata majani na maji, na ndiyo maana bado iko hai. Ardhi yetu ni ya jamii, si ya mtu mmojammoja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema kaunti inaishikilia kwa niaba yetu mpaka isajiliwe. Hati miliki yenye jina langu nitaitoa wapi? Ngamia wa familia yangu wana alama ambayo kila mtu pale anaitambua, lakini hifadhidata hiyo haina kisanduku kwenye fomu.

Mara ya kwanza nilikuwa naishi kwa vibarua vya mtandaoni. Ubalozi mmoja, ambao sitautaja, ulinijibu kwa karatasi yenye kisanduku kilichotiwa alama: kuna shaka kuhusu nia yangu ya kuondoka kabla viza haijaisha. Baada ya mwaka mmoja nikaajiriwa, nikaomba nchi nyingine nikiwa na hati ya mshahara, nikapewa. Mama ni yuleyule, ngamia ni walewale, na nia ya kurudi ni ileile. Kilichobadilika ni karatasi moja.

Halafu kuna kosa la kuwa peke yako. Mama aliniuliza, "Unaenda kwa nani, mwanangu?" Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda kuona mawe. Alicheka, akaniombea dua. Dirishani niliulizwa swali hilohilo bila dua. Kijana asiye na mke, asiye na mwenyeji, anayetaka siku nne tu: kwa mwandishi wa makala huyo ndiye msafiri bora, kwa fomu huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Na kwetu kwenda peke yako si jambo geni. Nikiwa na miaka 13 nilitumwa peke yangu kufuata ngamia waliopotea, na hakuna aliyedai nithibitishe kwamba nitarudi.

Najua mtajibu nini. Wa kwanza atasema Kenya kuna pa kutembea. Ni kweli, na natembea. Lakini Mjerumani haambiwi amalize kwanza Ujerumani. Wa pili atasema kuna wanaokwenda wasirudi. Ni kweli pia. Basi pimeni kurudi kwenyewe! Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaoandika nani ameingia na nani ametoka. Data ipo. Kanuni yao tayari inasema mtu aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili apewe ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Wazo ni zuri, ila ngazi ya kwanza iko juu mno: ni kama tangazo la kazi linalotaka uzoefu kwa mtu anayeomba kazi ya kwanza. Anzeni na moja. Mpe mtu siku tano, akirudi kwa wakati, safari inayofuata isihitaji hati miliki wala mwaliko. Asiporudi, mfumo utamjua kwa jina na kwa sura. Treni za Vienna zinaendeshwa hivyo kila siku, na hazijafilisika.

Mimi nilirudi Jumatatu, siku iliyoandikwa kwenye tiketi. Zawadi ya mama ilikuwa chupa ya maji niliyoijaza kwenye bomba la barabarani siku ya mwisho, nikaifunga ndani ya begi lililoingia tumboni mwa ndege. Alionja akasema ni maji tu.

Ni hayo kwa leo. Kama nawe umewahi kukwama kwenye kisanduku cha mali isiyohamishika, niambie ulijaza nini. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo ya seva, naahidi.