Mtama Wetu Uanze kwa Watoto

Mkulima wa Siakago, yatazame magunia ya mtama uliyovuna, kisha tazama anachobeba mtoto wako aendapo shule asubuhi. Mara nyingi ni kipande cha mkate au andazi, yaani ngano, ambayo hukuipanda wewe. Mtama umeuzwa ili mkate ununuliwe! Mimi naona jambo hili limepinduka.

Sisemi kwamba ngano ni sumu. Watoto wengi huila bila dhara. Lakini wako wachache ambao matumbo yao hayaiwezi, kwa ajili ya gluteni, kile kitu kinachofanya donge la chapati livutike. Imo pia katika shayiri. Mtoto wa namna hiyo huharisha mara kwa mara, tumbo huvimba, wala hakui. Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, alieleza habari hizo mwaka 1950, baada ya kuona watoto wagonjwa wakipata nafuu walipoondolewa ngano. Mpaka leo tiba ni hiyo tu, kuiacha gluteni maisha yote.

Lakini usijifanye daktari. Kuharisha kwingi huletwa na maji machafu na minyoo. Mpeleke mtoto hospitali, wala usimwachishe ngano kabla ya kupimwa damu, maana ukifanya hivyo kipimo chaweza kudanganya.

Sasa, ale nini? Mtama, mawele, wimbi, mahindi, ndengu, kunde na mihogo havina gluteni, na karibu vyote vimo shambani mwako. Asubuhi mpe uji wa wimbi wenye maziwa. Wa kubeba shuleni ni kiazi kitamu kilichochemshwa, au karanga, au bisi. Akitaka kitu kama andazi, ponda ndizi mbivu 2, tia yai 1 na kikombe 1 cha unga wa wimbi, koroga kwa maziwa kidogo, kisha mimina vijiko vijiko katika kikaango chenye mafuta. Unga wa mtama haushikamani kama wa ngano, basi ukande pamoja na kiazi kitamu kilichopondwa. (Akina mama wengi huukataa kwa sababu hiyo tu.) Kwa mtoto mgonjwa, kikaango kisiwe kile cha chapati, na unga wa uji wa dukani usome kwanza maandishi yake, kwani huenda umechanganywa na ngano.

Utaniambia mtama ni wa kuuza. Kweli, mtama wa Gadam umewapatia wengi fedha za kiwanda cha bia. Lakini mwaka 2013 serikali ilipoitoza kodi bia ya kegi, mauzo yalianguka, na wakulima wakabaki na mtama wao. Kwa hiyo mnunuzi ajapo na mizani yake, yawe magunia 2 yamekwisha kuwekwa ghalani kwa ajili ya watoto, makavu, yamefungwa vizuri, wala yasihesabiwe pamoja na ya kuuza.