Gitare ya okazio na masaa yetu

Mutu wa mugodi akinunua pikipiki kwa deni, tunamupongeza. Akinunua simu kubwa yenye inapita mushahara wake wa mwezi, tunaomba atuonyeshe. Lakini apite kando ya gare hapa Niemba na gitare ya besi ku mugongo, gitare ya okazio, rangi imetoka na uzi moja hauko, watu wanaanza kucheka. "Papa wa miaka 40 na zaidi, anaenda wapi na ule ubao?" Bibi yake naye anaambiwa ku kisima kama bwana yake anatafuta njia ya kuingia mu mabare. Maneno hayo ninayajua vizuri, juu gitare yenyewe ni yangu. Niliinunua Kalemie kwa korali moja yenye ilikuwa imepata ingine mupya, dola 80, pamoja na kable yake.

Nisingeandika juu ya kicheko tu. Wachimbaji tunachekana kila siku, njo namna tunamaliza zamu. Ninaandika juu ndani ya kile kicheko kuko wazo moja yenye mimi, mutu wa sindika, siwezi kuiacha ipite: kwamba mutu wa mugodi ni mukono wa kuchimba na kinywa cha kula, basi. Akikula na akilala, hesabu yake imefungwa. Wakubwa wa kazi wakisema vile ku meza, wakati tunaongea mushahara, tunakasirika na tunatoka mu chumba. Sasa namna gani sisi wenyewe tunaisema ku kisima?

Na tena gitare si kitu ya kigeni kwetu. Mu Katanga yote, muziki ya gitare ilikomaa mu miji ya mugodi. Mwenda Jean Bosco, muzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 kule Jadotville, yenye leo ni Likasi, muji wa shaba. Alikuwa anapiga na vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kuonyeshea. Kidole gumba kinatembea ku nyuzi nzito, kinashika besi, kile kingine kinaimba. Kwa hiyo mbele gitare ya besi ya umeme ifike kwetu, besi ilikuwa tayari inasindikiza Kiswahili. Kisha kuko karindula ya Lubumbashi: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mbao, na nyuzi. Watu wenye walitengeneza ile kitu hawakungojea duka ifunguliwe. Na orkestra Super Mazembe, yenye ilitoka huku, ikapita Zambia, ikafika Nairobi mwaka wa 1974, ilijipa jina la zile mashine kubwa za kuchimba udongo. Mutu wa mugodi anachekea nini hapo?

Basi tuongee namna ya kununua, juu hapo njo watu wanaibiwa. Kila mutu kati yetu anajua kuchagua shepe: anaipima uzito, anaangalia mupini, anaigongesha chini asikie kama chuma imepasuka. Besi inachaguliwa vile vile. Kwanza shingo. Inua gitare, weka jicho ku mwisho wake, angalia shingo kutoka huku mpaka kule, namna mutu wa reli anaangalia reli kama imepinda. Ikipinda kidogo kama upinde, usiogope, kuko chuma ndani ya shingo yenye fundi anaweza kukaza ao kulegeza na ufunguo mudogo. Lakini ikijikunja kama kamba, upande moja juu na upande mwingine chini, iache, hata wakikupa bure. Kisha piga kila uzi mu kila nafasi ya shingo, pole pole, usiruke hata moja. Muuzishaji akikuambia ufanye mbio juu kuko watu wengine wanangojea, ujue kuko nafasi yenye hailie. Zungusha funguo zote nne. Chomeka kable, zungusha vifungo vya sauti: vikilia kama mafuta mu karai, ni vumbi, linasafishwa. Lakini sauti ikikatika kila mara unapogusa tundu la kable, bei ishuke, juu utalipa fundi wa kuchomea.

Nyuzi njo gharama yenye watu wanasahau. Ni nne, mi, la, re, sol, na ni nzito. Zile za gitare ya kawaida haziwezi kukaa pale. Waya ya breki ya pikipiki, yenye vijana wanaweka, inakula vile vyuma vyembamba vya shingo mpaka gitare nzima inakuwa ya kutupa. Nyuzi za zamani zenye sauti imekufa, zitoe, zichemshe mu maji dakika kumi, zikaushe vizuri, zitarudia kulia kwa muda. Ule uzi wa sol wenye haukukuwa ku gitare yangu ulitoka Kigoma na mutu wa mashua, nilingojea wiki tano.

Na umeme? Wengi wetu tunaishi na pano ndogo ya sola ao grupu ya jirani. Usichomeke besi mu radio ndogo ya nyumba na kupandisha sauti, utapasua bafle yake. Mimi bado sina ampli. Ninakaa kando ya kabati, ninagusisha mwili wa gitare ku mbao yake, na kabati inaimba. Bibi yangu alicheka, kisha alihamisha sahani, juu zilikuwa zinaimba pia.

Hapa ku falanga niko mukali. Usinunue gitare na makuta ya wale wakopeshaji wa mutaa wenye tunaita banki lambert. Mutu mwenye anakupa dola 50 leo na anangojea 75 ku mwisho wa mwezi atabeba gitare, kisha atarudia kubeba pikipiki. Mimi nilingojea zamu yangu ya likelemba. Tuko watu 8, kila mwezi moja anabeba. Na mbele nibebe, nilikaa na mama ya watoto, tukaandika ku karatasi: minervali ya wawili wenye wako sekondari (shule ya musingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa), unga, dawa, kisha gitare. Alikubali na sharti moja: saa tatu ya usiku kabati inyamaze. Kuko mwenzetu mwenye alificha gitare kwa rafiki ili bibi yake asijue. Ninamuhurumia. Kitu hiki kinaomba kila siku, na mutu hawezi kwenda kwa rafiki kila siku pasipo kuulizwa.

Wengine wananiambia: vidole vyetu vimekufa, masikio pia, tumechelewa. Kweli, mashine yenye inatetemeka inaua vidole, na kelele inaua masikio. Lakini kelele inaanza kuua sauti za juu: ndege, mutoto mwenye anaita kwa mbali, gitare ya solo. Sauti za chini zinabaki kwa muda murefu zaidi. Ule uzi wa mi wa besi unatetemeka mara 41 hivi kwa segonde moja. Unausikia ku mbavu na ku mbao mbele ya sikio. Kwa hiyo muchimbaji mwenye hasikie tena solo vizuri anaweza kushika besi na kuiongoza korali. (Ile si sababu ya kuacha kudai vifunga masikio ku kazi. Tutavidai mpaka viletwe.)

Na vidole: mwaka wa 1965, mu kiwanda kimoja cha chuma kule Birmingham, Uingereza, mashine ilikata ncha za vidole viwili vya kijana moja, Tony Iommi. Alikuwa mupiga gitare. Mukubwa wake wa kazi alimusikilizisha disiki ya Django Reinhardt, mwenye mukono wake wa kushoto uliungua mu moto mwaka wa 1928, na ambaye alipiga solo zake na vidole viwili. Iommi alijitengenezea ncha za plastiki na akaendelea, njo huyo wa Black Sabbath. Muziki yake mimi siipendi sana, ninarudi nyumbani kukimbia kelele kama ile. Lakini mukono wake ninauheshimu.

Wiki za kwanza ni za kuvumilia. Vidole viwili vya mukono wa kuume vinapishana, kama ba-mama wawili wenye wanatwanga mu kinu kimoja: moja akishuka, mwingine anapanda, na hakuna mwenye anaharakisha. Do, fa, sol. Kwa mwezi mzima nilipiga hizo tatu tu, na nyimbo mingi za korali zinatembea juu yake. Kitu kigumu kwangu haikukuwa vidole, ilikuwa kunyamaza. Besi ya rumba haijaze kila nafasi. Inasema, inaacha, inangojea ngoma. Binti yangu wa miaka 15 alisikia hiyo mbele yangu, na sasa ananipita. Wenye wanasema besi ni kitu ya wanaume waje wamusikilize.

Tufike sasa ku bei ya kweli. Zile dola 80 nililipa siku moja, zikaisha. Kitu chenye ninalipa kila siku ni dakika 30, na hapo njo mugodi unanikamata. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema masaa 45 kwa juma, haipite. Ku karatasi ni vile. Lakini ongeza masaa yenye hayaandikwe, ongeza kungojea camion, ongeza ile siku ya Mungu yenye kila mara kunakuwa "kazi ya haraka". Na wachimbaji wa mukono, wenye sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inawasukuma mu kooperative, hao hawana hata karatasi ya kuhesabia. Mutu mwenye anatoka na giza na anarudi na giza hajifunze gitare. Hafundishe mutoto wake hesabu vilevile, na haje ku mukutano wa sindika.

Wenzangu wananijibu: "Delege, watu wenyewe wanapenda masaa ya kuongeza, juu ya falanga." Ninajua. Wanapenda juu mushahara haufike ku mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tusiombe mushahara leo na masaa mwaka kesho. Vikitenganishwa, watatupa kimoja na kuchukua kingine, namna wamefanya mara mingi.

Kule Uingereza, mugodi wa makaa wa Grimethorpe ulikuwa na fanfare yake tangu 1917. Oktoba 1992 ilitangazwa kwamba mugodi utafungwa. Siku chache kisha, ile fanfare ilishinda mashindano ya taifa mu Royal Albert Hall, London. Mwaka wa 1993 mugodi ulifungwa kweli. Fanfare ingali inapiga mpaka sasa. Watu wa Manono, wenye waliona mugodi wa bati ukisimama, wanaweza kutuambia ni vitu gani vinabaki mu muji kampuni ikienda.

Ku mukutano wa wadelege wa mwezi huu nitaomba vitu viwili viandikwe. Cha kwanza, masaa ya kuongeza yaingie mu daftari siku ile ile, na mufanyakazi atie sahihi yake mwenyewe. Cha pili, ile sale ya kazi yenye iko na grupu, na yenye inafungwa kila siku ya posho, ifunguliwe kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili ya mangaribi. Besi tatu ziko tayari, zote za okazio, na ngoma za korali mbili. Tunatafuta mutu wa solo. Akuje na ampli yake.