Bunduki ya Kale: Kupima Uasili Kabla ya Kununua

Jumba la makumbusho linapotaka kununua bunduki ya kijeshi ya kale, swali linaloulizwa kwanza aghalabu ni hili: je, namba zake zinalingana? Swali hilo lina maana yake, lakini kulitanguliza ni kosa, na nia ya makala haya ni kueleza kwa nini. Nasema juu ya majumba ya makumbusho tu, kwa kuwa raia asiye na kibali cha silaha hapaswi kujitia katika biashara hii, hata kama bunduki yenyewe imepita umri wa miaka mia.

Na tuchukue mfano ulio karibu nasi. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ilibuniwa na ndugu wawili wa Oberndorf, Ujerumani, Wilhelm na Paul Mauser. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 11, nayo hutiwa moja moja. Baruti yake ni ile nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Bunduki za muundo huo ndizo walizokuwa nazo askari wengi wa jeshi la kikoloni la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, na bado zilikuwa mikononi mwao katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo moshi wa baruti uliwafichua wapigaji. Kwa hiyo chombo hicho ni hati ya historia yetu: ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na ya vita vikuu vilivyofuata.

Kwa sababu hiyohiyo kina bei, na palipo na bei waghushi hawakosekani. Bunduki za Mauser za 1871 zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi hazikuvuka bahari kuja huku. Tofauti baina ya ile iliyolala ghalani Ulaya na ile iliyobebwa na askari kutoka Kilwa hadi Songea yaweza kuwa alama chache tu zilizogongwa juu ya chuma. Na alama ndicho kitu rahisi kuliko vyote kughushi: yatosha muhuri wa chuma, nyundo, na dakika tano.

Hata hivyo alama ya uongo hujishtaki yenyewe mbele ya mtu mwenye kioo cha kukuza. Muhuri unapogongwa, chuma hakitoweki; husukumwa kando, kikainuka kama kingo ndogo kuizunguka herufi. Kiwandani, alama nyingi ziligongwa kabla ya kusugua chuma kwa mara ya mwisho, basi kingo hizo zikaondoka. Alama iliyogongwa jana kingo zake bado zipo, na ukucha huzihisi. Zaidi ya hayo, tazama vishimo vya kutu. Kishimo kilichokula ukingo wa herufi ni kichanga kuliko herufi. Lakini mstari wa herufi ukiteremka ndani ya kishimo na kukibonyeza, basi kutu ilitangulia na herufi ikafuata, na muuzaji ana jambo la kueleza.

Wapo pia waghushi wanaoshindwa na kusoma. Huko Darra Adam Khel, karibu na Peshawar, Pakistan, mafundi wamenakili kwa mikono bunduki za Kiingereza aina ya Martini-Henry kwa ustadi ambao binafsi naustaajabia. Lakini katika kazi za eneo hilo zimepatikana herufi N zilizogeuzwa, na muhuri wa Malkia Victoria pamoja na miaka ya baada ya 1901, mwaka aliofariki. Fundi alinakili umbo la herufi bila kujali maana yake.

Sasa nirudi kwenye namba. Ni kweli kwamba viwanda vya Kijerumani viligonga namba katika sehemu nyingi za bunduki, hata katika parafujo ndogo, ili vipande vya bunduki mbili visichanganywe. Mnunuzi akiona namba zote zinalingana hufurahi na kuongeza bei. Mimi, kwa bunduki inayosemekana kuwa ilipigana katika nchi yetu, ningeanza kutia shaka hapo hapo. Kuanzia 1914 jeshi lile lilizingirwa, bahari ikafungwa na Waingereza, na vipuri havikupatikana ila kwa nadra. Kilichovunjika kilitengenezwa kwa vipande vya kingine. Lilipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 1918, sehemu kubwa ya bunduki zake zilikuwa ni nyara za Kiingereza na za Kireno. Bunduki iliyopita katika maisha hayo na kutoka na parafujo zake zote za kiwandani, kitako bila mkwaruzo, na mtutu unaong'aa ndani, yawezekana, lakini inadaiwa ushahidi mwingi zaidi kuliko ile yenye viraka. Masalio ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa na kuula mtutu usiposafishwa upesi. Kiraka cha mninga kwenye kitako cha mti wa jozi hakishushi uasili. Huenda ndicho shahidi bora tulichonacho.

Maabara nayo husaidia, ingawa si kila mahali inahitajika. Rangi ya chuma katika karne ya 19 ilipatikana kwa kuotesha kutu makusudi na kuisugua, na pengine kuichemsha hadi igeuke oksidi nyeusi, Fe₃O₄. Dawa nyingi za siku hizi zinazopakwa bila moto zina chumvi za shaba na seleni, na miale ya eksi huzigundua bila kukwaruza chochote. Zikionekana, twajua kwamba mtu ameipaka bunduki hivi karibuni. Hatujui bado kwamba alikusudia kudanganya, na mwanafunzi asiruke hatua hiyo.

Kuhusu mti, wengi hudhani kaboni-14 itawapa mwaka. Haitawapa: kwa mti wa karne ya 19 jibu lake ni pana mno kuwa na faida. Lakini majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewa kaboni-14, kilele chake kikiwa karibu na 1963, na mti uliokua katika miongo iliyofuata unabeba ziada hiyo. Kitako kinachodaiwa kuwa cha 1875 kikiwa na ziada hiyo, kesi ya kitako hicho imekwisha. Mghushi mwerevu, bila shaka, huchonga kabati kuukuu.

Ushahidi wote huu hupotea kwa msasa. Nimeona katika jumba moja mtunzaji mwenye bidii akizing'arisha silaha hadi alama zikalainika; sikumlaumu, maana hakuna aliyemfundisha. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi vyatosha.

Walimu wa kemia waweza kuonyesha sehemu ya elimu hii bila bunduki yoyote. Gongeni herufi kwenye kipande cha chuma cha pua, kisha futeni kwa tupa mpaka isionekane kabisa, mkang'arishe. Mwalimu, akiwa amevaa miwani na glavu, na dirisha likiwa wazi, apake kwa pamba mchanganyiko wa tindikali ya haidrokloriki na kloraidi ya shaba. Chuma kilichobanwa na muhuri hubadilika hata chini ya herufi, kwa hiyo tindikali hukila tofauti na kile cha pembeni. Baada ya kupaka mara kadhaa herufi hurudi kuonekana; ipigwe picha mara moja, kwani ikiendelea kupakwa hufifia tena.