Usiache Chapati Kabla ya Kipimo

Leo naweka pembeni habari za bumu na mitihani, naongelea tumbo. Ndiyo, tumbo langu mwenyewe.

Tangu mwaka wa kwanza linajaa gesi, naharisha, uzito unashuka, na daktari kaniambia damu imepungua. Likizo nikienda nyumbani Keza, kule Ngara, wiki mbili tu natulia. Basi wenzangu wa chumbani wameshatoa hukumu: "Una siliaki wewe, acha chapati leo leo!" Mimi nasema siachi. Sio ubishi jamani, nina sababu.

Siliaki siyo mzio wa kawaida. Mtu akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo mwembamba. Chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri, ndiyo maana damu inapungua. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinatafuta kingamwili. Kikionyesha dalili, mara nyingi huchukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kikaangaliwe kwa hadubini. Sasa ukiacha ngano mapema, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kusema huna ugonjwa kumbe unao! Mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki 6 au zaidi kabla ya kupimwa.

Mtasema, mbona Keza unapona? Hapo ndipo penye mtego. Nikiwa nyumbani siachi chapati peke yake. Naacha pia chai ya maziwa ya kila asubuhi, chipsi za usiku na presha ya mitihani. Nitajuaje mchawi ni nani? Maziwa yanaweza kuleta gesi na kuharisha. Giardia nayo huharisha na kukondesha, na hiyo ina dawa. Ukikimbilia kulaumu ngano, unaweza kumwacha mdudu anakula raha tumboni.

Sikatai kwamba chakula hufundisha. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, tayari alikuwa akiishuku ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944-45 mkate uliadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Lakini yeye hakuishia kushuku, alipima, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake. Na msiseme ni ugonjwa wa Wazungu: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi.

Kwa nini nakazania uhakika? Kwa sababu mlo huu ni wa maisha yote, siyo wa muhula mmoja. Tena ni habari ya ukoo: ukiwa nao, wazazi, ndugu na watoto wako wana uwezekano unaokaribia 1 kati ya 10. Bila jibu, nitamwambia nini mama? Kwetu hospitali ya rufaa ya kanda iko mbali. Huwezi kumsafirisha mdogo wako umbali ule kwa maneno ya chumbani.

Na majibu yakisema ndiyo, sitalia. Ndizi, maharage, ugali wa muhogo, mahindi, mtama, ulezi, viazi, wali: vyote havina gluteni. Hakuna haja ya mikate ya bei mbaya ya supamaketi, jiko la Keza linatosha. Cha kuchunga ni unga wa lishe, maana wengi huchanganya ngano, na hata mashine ya kusaga hubaki na unga wa mteja aliyetangulia. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi nazo hapana.

Kwa hiyo ushauri wangu, ewe mwenye tumbo kama langu: nenda kwa daktari, mtaje siliaki kwa jina, uliza kipimo, na endelea kula kama kawaida mpaka kiishe. Kama unakonda kwa kasi au unaona damu chooni, usisubiri hata kesho. Mimi kipimo changu ni wiki ijayo, na kesho asubuhi nakula chapati mbili.

Alamsiki.